Mrejesho: dataloga sasa inasoma kina cha maji kwa mita

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza namna ya kuifanya dataloga (kifaa cha kurekodi vipimo) ionyeshe mita badala ya volti kwenye tangi letu la maji hapa Raskazone, Tanga. Sensa (kihisi kinachopima kina cha maji) ni ya miliampia 4 hadi 20 kwa kina cha mita 0 hadi 5, na mkondo wake unapita kwenye rezista ya omu 250, hivyo dataloga inaona volti 1 hadi 5.

Aliyesema nianze na mteremko, yaani mita ngapi kwa kila volti moja, ubarikiwe. Kutoka volti 1 hadi 5 ni volti 4; mita 5 gawanya kwa volti 4 ni 1.25. Tangi tupu linatoa volti 1, siyo 0, kwa hiyo: kina = 1.25 × volti − 1.25. Volti 3 zinatoa mita 2.5, na kamba yenye jiwe ikakubali.

Nilichokipenda zaidi ni hiyo kuanzia miliampia 4. Waya ukikatika, volti inashuka hadi 0 na unasoma −1.25, kina ambacho hakuna tangi linacho. Nimeweka alamu chini ya −0.2. Kwa hewa ya chumvi ya huku, si anasa.

Rezista nayo ipimeni, msiamini maandishi. Yangu ni omu 248, na tangi lililojaa lingesomeka mita 4.95. Mteremko nimeufanya 1.26, ile 1.25 ya kutoa haibadiliki.

Na yule aliyenishauri ninunue sensa mpya: hapana mkuu, hela hiyo nimenunulia boksi lisilopitisha maji la kufunikia viungio vya waya.