Masijala Kwanza au Mabomba Kwanza? Gumzo la Ukoo Kuhusu Halmashauri Baada ya Vita

Dada Mdogo: Shikamooni wazee wangu. Insha yangu ya serikali za mitaa inahusu namna mji mdogo unavyoendeshwa vita vikishaisha, na nimekwama mahali pa kuanzia. Nimesoma habari za Fleury-devant-Douaumont, kijiji kilicho karibu na Verdun huko Ufaransa, ambacho kilisagwa na mizinga mwaka 1916 na hakikujengwa tena. Hadi leo hakina mkazi hata mmoja, lakini kina mtu mwenye mamlaka ya meya, naye huteuliwa na mwakilishi wa serikali kuu katika eneo la Meuse. Meya wa watu ambao hawapo ana kazi gani?

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Angalau huyo hana wa kumpigia kelele kikaoni.

Mjomba: Marahaba. Vijiji vya namna hiyo kandokando ya Verdun vilikuwa tisa, na sita havikuinuka tena, kwa sababu ardhi ilikuwa imejaa makombora yasiyolipuka na mifupa ya watu. Serikali ingeweza kuvifuta kwenye orodha ikagawa maeneo yao kwa majirani, lakini iliamua vibaki kuwa manispaa kisheria, vikiongozwa na tume ya watu watatu ambao mwenyekiti wao hushika nafasi ya meya. Anatunza mnara wa kumbukumbu na mipaka ya eneo, na anahakikisha kuwa jina la kijiji halipotei kwenye nyaraka za nchi. Mimi nimekaa masijala ya halmashauri hadi nikastaafu, kwa hiyo utanisamehe nikisema kwamba hapo ndipo insha yako ianzie: halmashauri inaweza kukosa jengo, gari na hata wakazi, ila ikikosa kumbukumbu imekwisha.

Kaka Mkubwa: Shikamoo mjomba. Kwa heshima zote, watu hawanywi daftari. Mimi ni mtu wa maji, na ninavyojua, mji uliotoka vitani unataka maji kabla ya yote, kisha barabara ipitike, kisha maiti wazikwe na kifusi kiondolewe. Makarani watafute mafaili yao baadaye.

Mjomba: Marahaba, baba. Sasa niambie, hayo maji utayafungulia wapi ikiwa ramani ya mabomba iliungua pamoja na ofisi?

Kaka Mkubwa: Hapo umenishika. Ramani ikipotea, tunamtafuta fundi bomba mzee aliyezika zile valvu mwenyewe, tunatembea naye huku akigonga ardhi kwa nondo na kusema “hapa chimbeni”, na mara nyingi valvu huwa hapo au hatua mbili kutoka hapo. Kila inapopatikana tunaipima kutoka kwenye kona ya jengo lililobaki wima na kuiandika, maana mzee naye hataishi milele. Basi nakubali kwamba na mimi ninaanza kwa kuandika, ila naandika nikiwa shimoni.

Dada Mdogo: Na mabomu ya kutegwa ardhini, kaka? Hayo ni kazi ya halmashauri au ya jeshi?

Kaka Mkubwa: Kuyategua ni kazi ya wataalamu, ila kuyasubiri ni kazi ya halmashauri. Msumbiji ilitia saini mkataba wa amani mwaka 1992, na nchi ilitangazwa kuwa haina tena mabomu yanayojulikana mwaka 2015. Katika miaka yote hiyo, penye shaka hakuna ofisa ardhi mwenye akili timamu ambaye angempa mtu kiwanja, au kuruhusu shule ichimbiwe msingi, kabla timu ya uteguaji haijamkabidhi ramani ya eneo lililosafishwa. Wananchi wanaona ofisa anawazungusha, kumbe anachokisubiri ni hiyo karatasi.

Shangazi: Karatasi tena. Shemeji, naona umeshinda bila kutoa jasho.

Mjomba: Bado, shemeji. Wewe uliyeshughulika na mirathi ndiye unayejua sehemu ngumu kuliko zote. Mweleze mtoto kuhusu waliopotea.

Shangazi: Haya. Mwanangu, fikiria mwanamke anayesimama mbele ya karani na kusema kwamba mume wake aliondoka na hakurudi. Karani anamwomba hati ya kifo, naye hana. Anamwomba shahidi aliyeona maiti, hakuna. Bila hati hiyo hawezi kusimamia mirathi, hawezi kudai mafao ya mjane, hawezi kuhamisha jina la nyumba, na akitaka kuolewa tena anaambiwa kuwa bado ni mke wa mtu. Sheria nyingi zilizotokana na mfumo wa Kiingereza humdhania mtu amekufa baada ya miaka 7 bila habari zake, lakini watoto hawasubiri miaka 7 kula. Ufaransa, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mahakama zilitoa hukumu za kutangaza vifo vya askari ambao miili yao haikuonekana, na hukumu hizo zikanakiliwa kwenye rejista ya vifo ya manispaa aliyokuwa akiishi marehemu. Karani wa mji mdogo, tena mara nyingi aliyewajua vijana hao tangu wakiwa shule, ndiye aliyekaa na kalamu akinakili jina baada ya jina. Na lipo jambo ambalo wanaume huwa hawalioni: wapo wanawake wanaokataa hati hiyo hata ikipatikana, kwa sababu kuitia saini ni kumzika mtu kwa mikono yao wenyewe. Ofisi nzuri huweka utaratibu wa kumsaidia mke bila kumlazimisha akiri kifo. Bosnia na Herzegovina ilipitisha sheria maalumu ya watu waliopotea mwaka 2004, takriban miaka 9 baada ya vita vyao kwisha, na kwa maoni yangu walichelewa.

Dada Mdogo: Nimenukuu yote, shangazi. Nilidhani minara ya kumbukumbu ndiyo ingekuwa habari kubwa.

Mjomba: Minara nayo hutoka kwenye rejista hiyohiyo. Ufaransa ilijenga zaidi ya 36,000, karibu kila manispaa na wake, kwa michango ya wananchi, bajeti ya manispaa na ruzuku kidogo ya serikali. Usidhani vikao vyao vilikuwa vya machozi tu. Madiwani walibishana kama aandikwe aliyezaliwa hapo au aliyehamia, kama majina yafuate alfabeti au cheo, na kama askari aliyepigwa risasi na jeshi lake mwenyewe kwa kosa la kukimbia ana haki ya kuwekwa. Ndiyo maana wengine wanaonekana kwenye minara ya miji miwili, na wengine hawaonekani popote.

Kaka Mkubwa: Naomba turudi kwenye nyumba. Waliokimbia wanarudi na kukuta familia nyingine imo ndani, nayo ilifukuzwa kutoka mji mwingine na haina pa kwenda. Halmashauri inamtoa nani?

Shangazi: Hapo ndipo halmashauri nyingi hufanya uovu kwa mihuri safi kabisa. Wakati wa vita vya Bosnia mamlaka zilitangaza nyumba na fleti kuwa “zimetelekezwa” na kuzigawa kwa watu wao. Mkataba wa Dayton wa mwaka 1995, uliomaliza vita hivyo, katika kiambatisho chake cha 7 ulimpa kila mkimbizi haki ya kurudi na kurudishiwa mali, lakini wa kuitekeleza walikuwa ofisi za makazi za manispaa zilezile. Madai yalizidi 200,000. Kwa miaka kadhaa majalada yalilala, au yalipotea, au yalihitaji “kiambatisho kimoja zaidi”. Mambo yalianza kusogea wasimamizi wa kimataifa walipoleta utaratibu mmoja kwa nchi nzima, madai yakafuatwa kwa mfululizo wake, na ofisa aliyezuia akaweza kuondolewa kazini. Hadi mwisho wa mwaka 2003 zaidi ya asilimia 90 ya madai yalikuwa yamekwisha. Wa kutolewa, mwanangu, ni aliyemo ndani, lakini atolewe akiwa ameonyeshwa pa kwenda, la sivyo umehamisha ugomvi tu.

Kaka Mkubwa: Hukohuko Bosnia, namba za magari zilikuwa zinaonyesha gari limetoka upande gani, kwa hiyo mtu aliogopa kuvuka kwenda kuitazama nyumba yake. Mwaka 1998 zilitolewa namba mpya zisizotaja mji, zenye herufi zinazofanana katika alfabeti ya Kilatini na ya Kisirili (ile wanayoitumia Waserbia) pekee. Hebu ona, kazi ya dawati la leseni imefungua barabara ambazo tingatinga lilishindwa kuzifungua.

Mjomba: Leo mhandisi anasifu dawati la leseni. Tumefika mbali.

Dada Mdogo: Mbona hamtaji uchaguzi? Mwalimu wetu anasisitiza uchaguzi wa mapema.

Mjomba: Uchaguzi unahitaji daftari la wapiga kura, na daftari linahitaji kujua nani ni mkazi. Uingereza ilisimamisha chaguzi za mitaa mwaka 1939 na kuzirudisha Novemba 1945, na kwa kuwa tayari ilikuwa na uandikishaji wa kitaifa wa tangu mwanzo wa vita, ilikuwa na pa kuanzia. Ufaransa ilifanya uchaguzi wa manispaa Aprili na Mei 1945, wanawake wakipiga kura kwa mara ya kwanza, huku wafungwa wengi wa vita wakiwa hawajarudi. Ujerumani, katika eneo lililoshikwa na Wamarekani, vijiji na miji midogo ilipiga kura Januari 1946, kabla ya miji mikubwa. Sasa tazama Srebrenica, mji wa mashariki mwa Bosnia, mwaka 1997: waliofukuzwa waliruhusiwa kupiga kura kwa ajili ya manispaa walikoishi mwaka 1991, vyama vya Wabosniaki, yaani Waislamu wa Bosnia waliofukuzwa hapo, vikapata viti vingi, lakini wapiga kura hao hawakuweza kuishi huko, na baraza halikuweza kufanya kazi kama mabaraza mengine. Kijiji chako cha Fleury kina meya bila watu. Hawa walikuwa na watu na madiwani, wakakosa mji wa kukaa.

Shangazi: Ongeza Msumbiji mwaka 1998, manispaa 33 zilipochagua kwa mara ya kwanza. Chama kikuu cha upinzani kilisusia, na waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 15 ya walioandikishwa. Meya wa namna hiyo anapokwenda kudai kodi ya majengo, anadai kwa jina la nani?

Dada Mdogo: Na watumishi wa zamani? Karani aliyeandikia utawala uliopita abaki?

Mjomba: Swali hilo limevunja ofisi nyingi. Wamarekani huko Ujerumani walimjazisha kila aliyetaka kazi ya umma fomu yenye maswali 131, kuhusu vyama, vyeo na hata mapato yake. Walifukuza wengi, kisha wakakuta hakuna anayejua kuendesha idara ya maji au ya chakula cha mgao, na polepole sehemu ya waliofukuzwa wakarudi. Mimi ningemwacha karani na kumwondoa mkuu wake.

Shangazi: Mimi nisingemwacha, shemeji. Aliyegonga mhuri kwenye orodha ya watu wa kufukuzwa hawezi kukaa dirishani kuwapokea waliorudi. Abaki nyuma ya pazia kwa miezi michache akiwaonyesha wapya majalada yalipo, kisha aende.

Mjomba: Ulilosema kuhusu dirisha ni kweli. Nakubali asikae dirishani.

Kaka Mkubwa: Fedha je? Sierra Leone ilitangaza mwisho wa vita Januari 2002, na Mei 2004 ikachagua mabaraza yaliyokuwa yamevunjwa tangu 1972. Sheria ya mwaka 2004 iliwaachia machifu kukusanya kodi ya eneo, huku baraza likistahili kupata fungu lake. Chifu anajulikana kwa kila mlango, diwani ni mgeni, na fungu hilo likawa ugomvi wa kudumu. Baraza likabaki likitegemea ruzuku ya serikali kuu, na ruzuku ikichelewa hakuna hata mafuta ya gari la taka.

Dada Mdogo: Basi nitaanza na mke wa aliyepotea akiwa dirishani, nifuate na nyumba, kisha kodi, na uchaguzi uje mwisho. Mwalimu atashangaa.

Shangazi: Ashangae. Ila usisahau makazi ya muda. Uingereza ilijenga nyumba za muda zaidi ya 156,000 chini ya sheria ya mwaka 1944, halmashauri zikitoa viwanja na kuchagua wapangaji, na bado hazikutosha: kiangazi cha 1946 makumi ya maelfu ya watu waliingia wenyewe kwenye kambi za jeshi zilizoachwa wazi. Halmashauri nyingi hazikuwatoa. Ziliishia kuwaunganishia maji na umeme na kuwatoza kodi ya pango.

Kaka Mkubwa: Hapo kwenye maji nitakuandikia ukurasa mzima mwenyewe, mdogo wangu. Niletee muundo wa insha kesho jioni.

Mjomba: Nami unipelekee nakala moja, yenye namba za kurasa tafadhali.