Anaachwa mita 10 za kwanza, tatizo nini?

Swali: Mkimbiaji wa mita 100 anamaliza vizuri, ila kwenye kuanza anaachwa. Arekebishe nini?

Jibu: Tazama mkao. Wengi huinuka wima hatua ya pili tu, mguu unatua mbele ya nyonga na kugeuka breki. Ainamishe mwili mzima, asikunje kiuno, asukume ardhi kwa nyuma.

Jibu: Naongezea: mbio 6 za mita 20, kila moja kwa nguvu zote, katikati apumzike dakika 2 hadi 3. Tafadhali msifupishe mapumziko! Mkiyafupisha mnajenga pumzi, si kasi. Muda wa kumaliza mita 20 ukianza kurefuka, simamisha.

Jibu: Kuburuta tairi jepesi husaidia pia, mara 2 kwa wiki. Likimvuruga mkao, ni zito mno.