Ziwa la kushoto limegoma kupona, wiki ya tano sasa. Naombeni ushauri

Karabai_Ziwani (Jumatatu usiku)
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nina mtoto wa miezi mitatu, wa kiume, ni wangu wa pili. Ziwa la kushoto limevimba, lina joto, na upande wa kwapani pamekuwa pagumu kama kiazi kibichi. Ilianza chuchu kuchanika, nikapuuza. Usiku natetemeka mpaka kitanda kinalia, asubuhi nimelowa jasho. Dawa nimetumia, hazikusaidia. Nipo mwambao, kaskazini ya Gombe, kufika Kigoma mjini ni kwa boti. Swali langu ni moja tu: kuna dawa gani ya kukausha maziwa ziwa moja, likauke lipone, mtoto abaki na la kulia?

Mzee_wa_Gungu
Nilivyoona kichwa cha uzi nikajua ni Ziwa Tanganyika, maji yamepanda tena Kibirizi. Pole sana mama.

MamaPacha_Ujiji
Pole mdogo wangu. Tafuta kabichi, bandua majani, yapoze, weka ndani ya sidiria. Mimi nilinyonyesha pacha, Kulwa akawa anang'ata kama mtu mzima, nikawa nanyonyesha huku nimeng'ata kanga. Mama yangu alikuwa ananikanda kwa maji ya moto mpaka namfukuza chumbani. Ila mimi yangu yaliisha siku nne. Wiki tano ni nyingi.

Mja_Mnyenyekevu
Kabla ya dawa, muulizane na baba mtoto kama kila mmoja ametulia. Wazee hawakusema bure habari za kubemenda. Nyumba ikichafuka, ziwa linachafuka.

Nesi_Mstaafu
Wewe Mja, kubemenda hakuleti usaha. Bakteria ndio wanaoleta usaha.
Mwanangu mleta uzi, umesema dawa umetumia. Dawa gani, siku ngapi, nani alikupa?

Karabai_Ziwani
Shikamoo mama. Ni amoksilini, za duka la dawa hapa kijijini. Nilimeza siku tatu, homa ikashuka, nikaacha. Mama mkwe alisema maziwa yenye dawa yanamuumiza mtoto tumbo.

Nesi_Mstaafu
Marahaba. Sasa nisikilize, nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi.
Wadudu wanaoleta hali hiyo mara nyingi ni stafilokokasi. Wanaishi kwenye ngozi yetu na puani mwa mtoto, chuchu ikichanika wanapata mlango. Wengi wao wanaivunja amoksilini kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana hospitali huwa wanaandika kloksasilini au flukloksasilini, siku 10 hadi 14, na unamaliza hata ukiamka mzima siku ya nne. Dawa hizo zinaingia kwenye maziwa kidogo mno, mtoto ananyonya kama kawaida. Ukitumia dawa sahihi saa 48 zikapita bila nafuu, haubadilishi vidonge kienyeji, unatafutwa usaha kwa utrasaundi.
Kukausha ziwa ghafla ndiyo kosa kubwa. Maziwa yakilala humo, wadudu wamepata chakula. Usilikande kwa nguvu, unapasua nyama za ndani. Kitambaa cha maji baridi, panado, na mtoto anyonye. Kama kliniki walikukuta na VVU ni tofauti: la kushoto unakamua unamwaga, ananyonya la kulia. Hilo usinijibu hapa, mweleze daktari.
Nakuuliza la mwisho: ngozi ya juu ikoje? Kuna mtu ameligusa?

Chumvi_Uvinza
Majipu mimi nayajua. Nilipokuwa nabeba chumvi Uvinza lilinitoka pajani, kubwa kama yai la bata. Nikabandika majani ya mbarika siku mbili, likapasuka lenyewe usiku, shuka nikatupa. Kovu ninalo hadi leo. Jipu likiiva hutumbuka, vumilia.

MamaPacha_Ujiji
Kaka, paja halinyonyeshi.

Karabai_Ziwani
Asante mama nesi. Ngozi ipo kawaida, nyekundu tu. Kuhusu kwenda mjini, nauli na malazi sina kwa sasa. Ndio maana niliuliza dawa ya kukausha.

Nesi_Mstaafu
Swali langu lilikuwa na vipande viwili, umejibu kimoja. Nani ameligusa?

Karabai_Ziwani (Jumanne asubuhi)
Sijalala, naandika hili. Mama mkwe aliita mzee mmoja. Alichanja kwa wembe mistari mitatu, akapaka unga mweusi. Leo ni siku ya sita. Mstari wa katikati haujafunga. Unatoa maji ya njano yamechanganyika na maziwa, na nguo ikikauka inagandia, naibandua kwa maji ya uvuguvugu.
Lakini msinishambulie. Wembe ulikuwa mpya, nilimwona akiutoa kwenye karatasi yake. Uvimbe ulipungua siku mbili za mwanzo. Alhamisi anarudi awamu ya pili, nimeshamlipa 20,000 na kuku, harudishi. Mtoto nimeshamwanzishia uji mwepesi, anakunywa vizuri tu. Na mimi naishi kwenye uwanja wa mama mkwe, sitaki niitwe mkaidi.

Mfukunyuzi
Jamani, hii ni chai. Nimepita kwenye nyuzi za zamani za huyu. Mwezi wa pili alikuwa anauza injini ya boti ya farasi 40, anajiita "baba wa mmoja, mwingine njiani". Leo ananyonyesha! Jina lenyewe Karabai. Anatafuta huruma, mwisho wa uzi mtaona namba ya kutuma pesa.

Mzee_wa_Gungu
Duh. Na mimi nilishaanza kutoa machozi.

Chumvi_Uvinza
Ila injini ya farasi 40 aliuza bei gani?

Karabai_Ziwani
Akaunti ni ya mume wangu, na simu ni yake. Haendi nayo majini, ya kwanza ilizama pamoja na karabai. Yuko kambi ya dagaa kusini, atarudi mbalamwezi ikiwa kubwa, watu wakiacha kuvua. Injini aliuza kweli, tukajengea choo. Hajui habari ya yule mzee, ndio maana nilikuwa naficha, akirudi atasoma yote. Sijaomba pesa ya mtu. Naandika kwa mkono wa kulia tu, wa kushoto haunyanyuki.

Nesi_Mstaafu
Mfukunyuzi, kama ni chai nimeinywa, haidhuru. Mtu haongopi habari ya nguo kugandia kidonda.
Mwanangu, wembe mpya sawa, na ule unga? Kadi yako ya kliniki ina chanjo ngapi za pepopunda? Ichukue uende nayo. Kilichopungua siku mbili ni maji ya juu, usaha uko chini, pale kwenye kiazi. Akichanja tena Alhamisi anaweza kukata mirija ya maziwa. 20,000 imeshakwenda, usiifuate na ziwa. Na uji wa miezi mitatu uache leo, tumbo lake halijafikisha miezi sita.
Panda boti la alfajiri, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, beba mtoto, usimwache kwa bibi yake. Ukipona halafu kile kigumu kikabaki, rudi wakate kinyama wakapime. Kifua kikuu na saratani navyo hujificha huko, tusiache kuangalia.

MamaPacha_Ujiji
Kwangu Ujiji kuna kitanda cha Kulwa, yuko shule ya bweni. Nitumie ujumbe pembeni. Mama mkwe mwambie unapeleka mtoto chanjo.

Karabai_Ziwani
Uongo nimeuchoka dada. Nitamwambia naenda hospitali.

Karabai_Ziwani (Jumatano jioni)
Nilishuka Kibirizi saa tatu asubuhi. Wamepiga utrasaundi, wakaona mfuko wa usaha pale pale kwapani. Walinichoma ganzi, wakavuta kwa sindano, bomba mbili zikajaa na ya tatu nusu. Rangi kama maziwa ya mgando yaliyochanganyika na damu. Kidogo kimepelekwa maabara kuoteshwa. Nimepewa dawa za siku 14 na sindano ya pepopunda. Ijumaa narudi kuvutwa tena, wamesema inaweza kuwa mara mbili tatu. Mtoto amenyonya la kulia palepale kwenye benchi, baadaye nesi wa zamu akamweka la kushoto, nikalia, lakini alivuta. Nipo Ujiji kwa dada, Mungu ambariki.
Baba mtoto, ukirudi ukakuta uzi huu usiufute. Ile 20,000 ilitoka kwenye pesa ya nyavu. Mama yako alinisindikiza mpaka botini, alibeba mtoto yeye, hakusema neno.