Tupeane uzoefu: umewahi kukimbia marathoni ukiwa na jeraha? Ilikuwaje?

Mwenye mada, Goma: Wakimbiaji wa Goma, Bukavu na Lubumbashi, habari zenu. Nina marathoni Kigali, ada na nauli nimeshalipa, sasa mguu wa kushoto umeanza vituko: muundi, upande wa ndani. Nikichemka unatulia, usiku unarudi. Huku mtaani wote wananiambia "kaza tu". Waliokimbia na maumivu leteni stori, za kweli, si za kujisifu.

Kijana wa Himbi: Mimi kilikuwa kifundo. Goma unaijua, ukiacha lami kidogo tu uko juu ya mawe meusi ya volkano, mengine ya mlipuko wa 2002 hayo. Nikateguka, nikafunga bandeji, nikaenda hivyo hivyo. Kifundo kilifika salama! Kilichoniua ni goti la mguu MZIMA, maana njia yote nilikuwa naulemea huo. Wiki nzima nateremka ngazi kinyumenyume, watoto wanacheka.

Mama wa Kadutu: Bukavu sisi ni milima tu, goti la nje lilikuwa linanichoma kwenye miteremko, kupanda hapana. Basi siku ya mbio nikapanda nikikimbia, nikashuka nikitembea. Nilijiwekea sharti moja: nikianza kuchechemea, natoka. Sikuchechemea. Nilipofika walikuwa wanakunja mahema, medali nilipewa kutoka kwenye katoni, lakini Jumatatu nilienda sokoni kwa miguu yangu.

Mzee wa Katindo: Vijana wa siku hizi mnadeka. Akhwari wa Tanzania, marathoni ya Olimpiki, Mexico 1968, goti limeharibika na akamaliza!

Kijana wa Himbi: Papa, heshima yako, ila Akhwari hakwenda Mexico akiwa mgonjwa. Alianguka mle mle kwenye mbio. Akafika wa mwisho, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, Mamo Wolde. Halafu akapona, na 1970 kule Edinburgh akawa wa tano kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Hiyo ya 1970 mbona hamuisimulii?

Kine wa Lubumbashi: Mimi kazi yangu ni kurudisha viungo vya watu, na huo muundi unanitia wasiwasi kuliko kifundo na goti la mama. Nilimhudumia kijana mmoja aliyefanya mazoezi njia ya Kasapa. Huku ni tambarare, hana hata kilima cha kusingizia. Aliongeza kilomita haraka mno, basi. Mfupa ukaanza kupata ufa. Akapigwa picha ya eksirei, ikatoka safi, akashangilia. Shida ni kwamba ufa wa namna hiyo, wiki za mwanzo, mara nyingi hauonekani kwenye picha ya kawaida. Akakimbia na diklofenaki, dawa ya maumivu, mfukoni. Kilomita ya 35 mfupa ukakatika kabisa, akabebwa. Kitu ambacho kwa kawaida kinataka wiki sita hadi nane za kupumzika kikamletea plasta na magongo.

Na hizo dawa jamani! Zinapunguza damu inayofika kwenye figo, na mtu wa marathoni tayari amekaukiwa maji. Tena zinakunyamazishia maumivu wakati ndiyo pekee yanayokuambia usimame.

Mwenye mada, bonyeza muundi kwa kidole kimoja. Maumivu yanatapakaa kwa urefu wa mguu, au yako pahali pamoja padogo?

Mwenye mada, Goma: Pamoja tu, Yaya. Nikipagusa naruka. Na nikirukaruka kwa mguu huo mmoja siwezi.

Kine wa Lubumbashi: Basi usikimbie, hata zile kilomita fupi. Muone daktari wiki hii, mwambie unashuku ufa wa mfupa, umweleze na hayo maumivu ya usiku. Ukitaka kuogelea, muulize kwanza.

Mama wa Kadutu: Nauli si umeshalipa? Nenda ukagawe maji. Mimi nitakuwepo, na kwenye miteremko nitakuwa natembea, utanijua.