Saundi kadi inazima nikiwasha 48V kwenye laptop mpya

Wakuu, saundi kadi yangu ya USB ilikuwa inapiga fresh kwenye laptop ya zamani, hii mpya ina matundu ya USB-C tu so nachomeka kwa kihabu (kile cha kugawa tundu moja la USB kuwa mengi) cha bei chee, taa inawaka ila nikiwasha 48V ya maiki (umeme ambao saundi kadi inaipelekea maiki) kadi inazima yenyewe. Imekufa au?

— Haijafa mkuu, njaa ya umeme hiyo. USB 2.0 inatoa miliampia 500 tu, na kwenye habu inagawana na vingine ulivyochomeka, kama mausi au flashi. Tafuta habu yenye adapta ya ukutani, au waya wa USB-C moja kwa moja ila uwe wa data, zile za kuchajia tu zinawasha taa ila hazipitishi data.

— Kama ni Windows zima pia ile setingi ya kulaza USB (inayozimisha vifaa vya USB ili kuokoa umeme), mi ilinitesa wiki nzima.

— Daah, nimeazima habu yenye adapta, 48V imekaa!