Mjadala: Benidorm imejijenga au imejiharibu?

Saruji na Bahari (mleta mada): Wakuu, nimerudi juzi kutoka Benidorm, mkoa wa Alicante, Hispania. Ukiwa mbali unaona maghorofa yamesimama kama miwa shambani, chini yake fukwe mbili, Levante na Poniente. Kuna Wahispania kibao wanaiita aibu ya pwani yao. Mimi nasema ule mji ulitumia akili. Mpango wake ulipitishwa 1956, baadaye wakaruhusu majengo yapande juu, mradi chini ibaki nafasi ya bustani na maegesho. Umati wote umebanwa sehemu ndogo, mtu anateremka kwa lifti na kandambili zake mpaka mchangani. Na kabla ya hapo palikuwa na wavuvi tu, mpaka meya Pedro Zaragoza alipopanda Vespa hadi Madrid kumwomba Franco, dikteta wa Hispania wakati huo, asiingilie mambo ya bikini. Mnaonaje, mfano au aibu?

Mjukuu wa Nahodha: "Wavuvi tu"? Hilo "tu" linatafuta nini hapo? Watu wa Benidorm walikuwa mabingwa wa almadraba, ule mtego mkubwa wa nyavu wa kunasia jodari. Walikuwa wakiitwa pwani za mbali kwenda kusimamia kazi hiyo, na wengine walikuwa mabaharia wa meli za biashara. Mtu hujui hata kufunga fundo unatuandikia wavuvi tu.

Saruji na Bahari: Mkuu, sijamtukana babu yako.

Mjukuu wa Nahodha: Umemtukana.

Boda wa Mbezi: Mimi nimekwama kwenye Vespa. Benidorm mpaka Madrid ni kama kilomita 450. Mimi nikipeleka mzigo Morogoro na kurudi, mgongo unadai talaka. Huyo meya alifika mzima?

Mkaazi wa Alicante: Alifika. Mwenyewe alikuwa akiisimulia mpaka uzeeni, kwamba aliingia kwa Franco suruali ina madoa ya oili. Alifariki 2008. Ila msiifanye hadithi ya pikipiki. Wageni wa kike walikuwa wakipigwa faini kwa bikini, na kanisa lilianza kuzungumzia kumtenga meya. Yeye alijua mgeni akifukuzwa ufukweni harudi.

Bi Leicester: Kwa hiyo mji mzima umejengwa juu ya nusu mita ya kitambaa.

Boda wa Mbezi: Nusu mita nyingi hiyo, dada.

Bi Leicester: 😂 Hapa Uingereza ukitaja Benidorm watu wanacheka kwanza: baa za Kiingereza, bia na chai ya asubuhi kama nyumbani. Nilikwenda Novemba nikiwa na dharau zangu. Nikakuta wazee wa Kihispania, wale wanaokuja kwa mpango wa serikali wa Imserso, jioni wanacheza dansi kando ya bahari, bibi wa miaka themanini kashikwa kiuno. Hoteli ziko wazi, wahudumu wana kazi. Miji mingapi ya ufukweni ina uhai mwezi huo?

Chumvi: Mji uliotumia akili, eti! Mwaka 1978 ukame ulipiga mpaka wakaletewa maji kwa meli. Mabwawa ya kuogelea kila hoteli, bombani patupu. Na juzi juzi wakajenga ghorofa la Intempo wakasahau lifti. Akili hiyo?

Mkaazi wa Alicante: Huo uzushi wa 2013 bado unatembea? Lifti zilikuwemo tangu mwanzo. Jengo lilianza 2007, mgogoro wa fedha ukalikuta katikati, likaja kumalizika 2021. Kabla ya kuandika uwe unauliza.

Chumvi: Umejibu lifti, maji umeyaruka.

Mkaazi wa Alicante: Mtu anayeamini ghorofa 47 zilijengwa bila lifti nimweleze mabomba?

Chumvi: Kumbe ukiishi huko unakodishwa na mdomo. Wakulipe basi.

Saruji na Bahari: Jamani, swali lilikuwa mfano au aibu. Kuhusu maji, nyumba mia zenye bustani na bwawa kila moja zinakunywa zaidi kuliko ghorofa moja. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Boda wa Mbezi: Tuache maji kidogo. Vespa ya enzi zile, spidi 50 ukiwa na huruma na injini. Hizo ni saa tisa bila kushuka. Petroli aliongezea wapi?

Bi Leicester: Huyu hatalala leo.

Mjukuu wa Nahodha: Mleta mada bado hajafuta ile "tu".

Saruji na Bahari: Nafuta. Isomeke "palikuwa na wavuvi". Umeridhika?

Mjukuu wa Nahodha: Andika mabingwa.