Simu ya intakomu imekufa sauti, nipo Kigoma, naweza kufunga yoyote?

mwanga_juu
Wakuu habari za jioni. Nakaa ghorofa ya tatu hapa Mwanga, tupo familia nane na mlango wa chini unafunguliwa kwa intakomu, ile simu nyeupe ya ukutani, mgeni anabonyeza kitufe chako kule chini, huku inalia, unaongea naye halafu unabonyeza kitasa kinafunguka. Wiki iliyopita mtoto kauvuta mkonga, ule wa kushika sikioni, ukadondoka kwenye tailizi ukapasuka, sasa kengele inalia kama kawaida ila nikipokea kimyaa, na wa chini naye hanisikii. Kitufe cha mlango kinafanya kazi lakini siwezi kumfungulia mtu nisiyejua ni nani, humu kuna watoto wa watu. Mama yangu yupo kwangu anatibiwa miguu, nikiwa kazini akisikia kengele anashuka ngazi zote zile ameshikilia ukuta kwenda kuangalia nani kaja, hilo ndo linaniuma kuliko hela. Fundi aliyekuja hata mfuniko hakufungua, kasema laki mbili na themanini abadilishe mfumo mzima. Nikinunua simu yoyote ya intakomu nikafunga mwenyewe itakubali?

fundi_wa_reli
Mpe pole mama. Usinunue yoyote na huyo fundi achana naye kwanza. Kengele inalia, kitasa kinafunguka, maana yake umeme unafika na nyaya za ukutani ziko hai, ubovu uko kwenye njia ya sauti tu. Anza na ule waya wa kujikunja unaoshika mkonga, nyingi zina plagi ndogo ya plastiki kama simu za mezani za zamani, bana kile kiulimi itachomoka. Azima wa jirani jaribu. Sauti ikiwa bado haipo angalia kile kidude kinachobonyea ukirudisha mkonga, kikinasa simu inadhani hujapokea.

Kama lazima ubadilishe, fungua mfuniko uhesabu nyaya. Zikiwa tano hivi ni ule mfumo wa zamani, moja ni ya kuita kwako peke yako, zilizobaki mnachangia jengo zima, hapo hata simu ya kampuni nyingine inaweza kukubali mradi ujue kila waya una kazi gani, maana namba za kwenye skrubu hazifanani kampuni na kampuni. Zikiwa mbili tu kuna uwezekano mkubwa ni dijitali, kila simu ina anwani yake inayopangwa kwa viswichi vidogo au kwa programu, hapo simu ya kampuni ya Commax haiongei na mfumo wa kampuni ya Comelit, tafuta aina ileile na modeli ileile. Na zima breka ya ile pawa saplai ya chini kabla hujagusa kitu, piga picha, kila waya ubandike kipande cha tepu uandike namba ya skrubu ulikotoka. Ukigusanisha nyaya pale kwako unaweza ukawanyamazisha majirani wote saba.

isevya_tbr
Msikilize huyo. Mimi huku Tabora niliagiza Dar kwa kuangalia picha, ikaja na basi, kwa nje zimefanana kama mapacha, kufungua yetu nyaya mbili ile ina skrubu tano, na aliyeniuzia akagoma kurudisha hela. Mtumie muuzaji picha ya NDANI, na ile namba iliyoandikwa kwenye bodi, sio picha ya mfuniko

mama_wa_katubuka
Mwanangu wakati unahangaika na nyaya huyo bibi asishuke tena, akianguka kwenye ngazi ni balaa kubwa kuliko intakomu. Bandika karatasi pale chini wageni wakupigie wewe kwanza, na umwombe jirani mmoja anayeshinda nyumbani awe anachungulia.

mwanga_juu
Ahsante sana mama, karatasi niliibandika usiku uleule na mama nikamwambia asinyanyuke.

Mrejesho: ni waya wa kujikunja wakuu. Nimeazima wa jirani wa mlango wa pili, sauti ikarudi palepale. Wangu ukiupinda karibu na plagi unasikia kabisa ndani kumekatika. Madukani hapa Mwanga sijaupata, nikautoa kwenye simu ya mezani mbovu ya ofisini kwetu baada ya kuomba, plagi ni ileile umekubali. Mkonga nimeuziba ufa kwa gundi. Nilipofungua mfuniko nimekuta nyaya tano na sisimizi wamejaa kwenye kona, nimewafuta kwa brashi kavu, picha nimepiga na tepu nimebandika kwa ajili ya siku nyingine.

Jana kijana wa dukani kaleta mchele, mama kamuuliza "wewe nani?" mara tatu, mpaka kijana akataja jina la baba yake, ndo akamfungulia. Wala hakunyanyuka kwenye kiti.

fundi_wa_reli
Safi sana. Huo mkonga uweke juu kidogo mtoto asiufikie.